Namba Mbili Hajibu

Watu wa rika langu pale Shinyanga hunikumbuka kama fundi wa redio, na wakitaka kunipamba husema mimi ndiye niliyeanzisha kazi ya simu za upepo mjini. Huwaacha waseme. Ukweli ni kwamba tulikuwa watatu, na katika watatu hao mimi ndiye niliyejua kidogo kuliko wote na kupiga kelele kuliko wote. Wenzangu wawili walikufa wiki moja ya mvua, kwenye pori lililo mbele ya Runzewe, nami nikabaki kula sifa zao. Nimezila miaka mingi na sasa nimezikinai.

Wote watatu tulikuwa tumerudi kutoka vitani. Wa kwanza alikuwa Mzaramo, mwembamba, mweusi tii, mwenye mikono ya mshonaji. Huyo ndiye aliyekuwa fundi hasa. Jeshini alikuwa akifungua mtambo wa simu ya upepo gizani na kuufunga tena bila kubakiza hata skrubu moja, wakati mimi nilikuwa nikibakiza tatu nne na kuzificha mfukoni. Vita vilipokwisha hakurudi kwao pwani. Alinifuata Usukumani, akidai anataka kuwaona kwa macho yake ng'ombe niliokuwa nikijisifu nao kambini. Ng'ombe hakuwaona, maana sikuwa nao. Alimwona binti mmoja wa Kisukuma sokoni, akaoa, akakaa. Wa pili alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, dereva. Maneno aliyosema kwa mwezi mzima ungeweza kuyabeba kwenye kiganja. Alilijua lori letu kwa mlio, na alijua ni daraja lipi la miti limeoza kati ya Kahama na Geita bila kuuliza mtu.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tulinunua mitambo chakavu ya jeshi, tukaitengeneza, tukaifunga kwenye majineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba, kwenye misheni, na zaidi kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita. Mvua zikianza, mgodi mdogo wa milimani uliweza kukatika wiki tatu bila habari ya mtu kuingia wala kutoka. Mchimbaji akiangukiwa na jiwe, alingojea barabara ikauke au afe, kimoja kitangulie. Simu ya upepo ilibadili mambo hayo, nasi tulijiona watu muhimu sana. Leseni ilikuwa kwa jina la Mhindi mwenye duka la baiskeli, aliyetupa chumba cha nyuma, na iliandikwa wazi kwamba ni ya kujaribia mitambo tu, si ya kupigia soga.

Soga tulipiga. Tulikuwa na mtambo wetu dukani, tukiuita Namba Moja, na mwingine ndani ya lori, Namba Mbili. Ili kutunza betri tulifungua mara tatu tu kwa siku, robo saa kila mara: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni. Nje ya saa hizo mtambo ulizimwa, hata ungekuwa na jambo gani. Na kila tulipofungua, kabla ya kuulizana habari za kazi, mimi na yule Mzaramo tulianza kwanza kutukanana. Msukuma na Mzaramo ni watani, na utani wenyewe hauna likizo. Aliniita mchunga ng'ombe wa watu. Nilimwita mla papa. Aliahidi kunizika kwa jamvi bovu, nami nikaahidi kuuza kaburi lake.

Kati ya michezo yake yote, mmoja uliniumiza. Mwaka mmoja kabla ya wiki ile ya mvua alikwenda safari Ushirombo na dereva, akanyamaza. Saa moja kimya, saa saba kimya, saa kumi na moja kimya. Nilichanganyikiwa. Niliomba lori la jineri, nikakaa juu ya marobota ya pamba kutwa nzima, nikashuka Ushirombo nikiwa mweupe kwa vumbi, na kumkuta amekaa kwenye kigoda anakula viazi vitamu na maziwa ya mgando. Aliponiona alicheka mpaka akaanguka kutoka kigodani. Mtambo ulikuwa mzima. Alikuwa akinisikia muda wote nikimlilia, na hata dereva, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, aligeuza uso. Niliporudi Shinyanga habari ilikuwa imenitangulia. Wauza mkaa waliniuliza kama nimeshampata mume wangu. Niliapa mbele ya watu kwamba yule bwana hatanipata tena kwa kimya chake hata siku moja.

Hiyo ndiyo hasira niliyokuwa nayo moyoni Jumatatu ile walipoondoka kwenda milimani, ng'ambo ya Runzewe, kufunga mtambo kwenye mgodi usio na simu. Mvua zilikuwa zimekolea. Mtoto wa mtani wangu, wa kike, alikuwa na surua na homa kali, na mama yake hakutaka mumewe aondoke. Nilikuwepo. Nilikuwa nikifunga turubai la lori nikajifanya sisikii. Mwanamke alisimama barabarani, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na jirani:

"Nenda basi, baba watoto. Lakini ukikwama huko, mimi sitauliza ulipo."

Mtani wangu alipanda lori, akafunga mlango. Hakumtania mtu hata mimi, na hilo lilinishangaza.

Jumanne saa moja asubuhi waliniita kutoka Ushirombo, sauti safi kabisa. Dereva alikuwa amewahi misa. Mtani alinieleza kwa ufupi kwamba barabara ni tope na kwamba watajitahidi kufika mgodini jioni. Nikamtania, akanitania kidogo, tukafunga. Saa saba mchana sikusikia kitu, wala sikujali, maana lori likiwa mwendoni mara nyingine hawakusimama. Saa kumi na moja jioni niliita. Kimya.

Nikatabasamu. Nakumbuka vizuri kwamba nilitabasamu. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Namba Mbili, Namba Mbili, hapa Namba Moja. Nimekujua. Viazi vya leo ni vitamu? Mpe na dereva." Nikaendelea hivyo robo saa nzima, nikizidisha kila neno, nikamwambia kama amekufa asinisumbue, nimeshapata mteja wa kaburi. Kisha nikazima nikaenda kunywa chai.

Jumatano saa moja asubuhi nilifanya vivyo hivyo. Siku hiyo nilimwambia kwamba hata akinyamaza mpaka pamba ivunwe mimi sitapanda robota tena kumfuata.

Saa saba mchana mkewe alikuja dukani. Alikuwa amefunga kanga mpya na mtoto alikuwa ametulia mgongoni, amelala. Alinisalimu kwa Kisukuma, akakaa juu ya sanduku la betri, akasema anaomba kuzungumza na mumewe.

"Hajibu, shemeji," nikamwambia. "Ananifanyia ule mchezo wake."

"Lakini ananisikia?"

"Anasikia kila kitu, mjinga yule. Sema tu."

Nilimpa kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili na kukisogeza mdomoni kabisa. Alianza kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, baba watoto. Mtoto homa imeshuka. Amekunywa uji leo. Yale maneno ya Jumatatu nisamehe, nilikuwa na hasira. Nisamehe." Akangoja. Mtambo ulikoroma tu, kwa kuwa wakati wa mvua anga haliishi kukoroma. Akanitazama. Nami nikacheka, nikamwambia asijali, akirudi nitamchapa mimi mwenyewe. Akacheka kidogo kwa heshima yangu, akaenda zake.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimekasirika kweli. Kunichezea mimi sawa, lakini mke anayeomba msamaha! Nilimwambia kwamba amevuka mpaka, kwamba hana haya, na kwamba nazima mtambo na sitaufungua mpaka aje mwenyewe kwa miguu yake. Nikazima. Alhamisi asubuhi sikufungua. Nilikaa mbele ya mtambo nikishona mkanda wa viatu, nikiona saa moja inapita, na nilifurahi. Wala sikufungua mchana.

Ijumaa ndipo nilipofungua, na kimya cha siku hiyo kilinitisha kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Hakuna mtu wa kuweza kushika mchezo siku nne na mtoto wake ana surua. Nilikimbia bomani, wakapiga simu ya maandishi Kahama, na kutoka Kahama gari likatumwa. Halikuhitajika. Jumamosi warina asali waliokuwa wakipita porini waliliona lori kwenye kijito, limelala ubavu, daraja la miti limevunjika chini yake. Pori lile lilikuwa limehamwa zamani kwa sababu ya mbung'o na malale, hakukuwa na nyumba hata moja ya jirani, na kwa mvua zile hakuna aliyekuwa amepita kwa miguu kabla yao.

Nilipofika Runzewe walikuwa wameshazikwa. Dereva, ndugu zake walikuwa wamemchukua kwenda kumzika misheni Ushirombo. Mtani wangu alizikwa na Waislamu wa pale, wafanyabiashara wasiomjua, waliomfanyia kila kitu kama ndugu yao, Mungu awalipe. Karani wa pale alinikabidhi vitu: kofia, saa, mtambo, na daftari la jalada jeusi. Jeshini tulifundishwa kuandika kila tunachosikia na saa yake, na yule bwana hakuwahi kuacha. Nililifungua nikiwa nimesimama uani kwa karani. Kwa penseli, herufi zilizonyooka kama za mtu aliyekaa mezani, aliandika hivi:

*Jumanne. Saa 11 jioni. Tumepinduka saa 8. Mwenzangu amefariki saa 9. Mguu wangu umevunjika pajani. Namsikia Namba Moja vizuri. Hanisikii.*

*Jumatano. Saa 1 asubuhi. Namsikia vizuri. Anatania. Hanisikii.*

*Saa 7 mchana. Mama watoto. Mtoto ni mzima. Nimemjibu yamekwisha.*

*Saa 11 jioni. Amekasirika. Amezima.*

*Alhamisi. Saa 1 asubuhi. Hajafungua.*

Baada ya hapo hakuna kitu. Baadaye niliufungua ule mtambo nikaona: valvu mbili kubwa zinazorusha sauti nje zilikuwa zimepasuka lori lilipopinduka. Valvu za kusikilizia zilikuwa nzima zote. Alikuwa akisema na sauti yake inaishia ndani ya sanduku. Kama ningekwenda bomani Jumatano asubuhi, gari la Kahama lingefika Alhamisi, na Alhamisi alikuwa hai, anaandika. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi na jibu ni lile lile. Nililiingiza daftari ndani ya shati, na karani alipouliza limeandikwa nini, nikasema ni mambo ya kazi.

Matanga yalikaliwa Shinyanga. Wazee wa pwani waliokuwa mjini walikuja, wakaketi, na mmoja wao akauliza, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Mbona msiba umepoa?" Watu wakanitazama. Kwetu mtani ana kazi yake msibani, kuwachekesha wafiwa kwa kumwigiza marehemu, na asipoifanya ameutupa undugu. Nilisimama. Nikavaa kofia yake, nikakunja mguu nikakaa kwenye kigoda jinsi alivyokuwa akikaa, nikashika kijiko mdomoni nikaita kwa lafudhi ya kwao, "Namba Moja, Namba Moja, huku kuna baridi, mchunga ng'ombe wewe, niletee chai!" Walicheka sana. Mkewe alicheka huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Nilivua ile kofia nikaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Jioni hiyo aliniita pembeni. Aliniuliza, "Shemeji, siku ile nilipozungumza, alinisikia?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo siwezi kulisukumia utani. Nilijua nikisema ndiyo, atauliza nimejuaje. Atauliza: kama alinisikia mimi, basi alikusikia na wewe? Alisikia ulipokataa kwenda kumtafuta? Nikasema, "Hapana. Mtambo ulikufa lori lilipopinduka. Hakusikia chochote."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi alikufa na maneno yangu ya Jumatatu," akasema.

Aliniuliza tena mara nyingi, miaka miwili na zaidi. Aliniuliza alipokuja kuleta vitumbua dukani, ambavyo alikuwa akipika kulea watoto. Aliniuliza kwa njia tofauti, labda alisikia kidogo tu, labda kabla ya mtambo kufa. Alikonda. Alikataa kuolewa na mtu mwema kabisa, fundi cherehani, akisema mwanamke aliyemtolea mume maneno ya mkosi hafai kupewa mwingine. Wazee walimsihi, sheikh akamweleza kwamba Mungu anajua nia, hakusikia. Nami nilikula vitumbua vyake. Kazi yangu ilikuwa imestawi, machimbo mapya yalikuwa yakifunguliwa upande wa Geita, na kila nilipofunga mtambo mpya niliwaambia wateja kwamba ukimya wa siku moja si wa kupuuzwa. Walinisifu kwa busara hiyo.

Kisha ukweni kwake wakamwita. Baba mkwe alikuwa mzee, alitaka wajukuu wakae naye pwani. Asubuhi moja nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, treni ilikuwa ya kesho yake. Nilikuwa nimepiga goti juu ya gunia nikivuta kamba. Yeye alikuwa akifunga vyombo ndani ya kanga.

"Nikifika," akasema, "nitaanza kwa kumpigia magoti mama yake. Nitamwambia mwanao alitoka kwangu nimemlaani. Nitamwambia mwenyewe kabla watu hawajamwambia."

"Usimwambie," nikasema.

"Mbona?"

"Si kweli."

Akaacha vyombo. Niliondoka bila kueleza, nikaenda kwangu karibu nikikimbia, nikarudi na daftari. Yeye hakujua kusoma. Nikasimama mlangoni nikamsomea mstari wake mmoja, ule wa saa saba. Nilidhani nitaweza kuishia hapo.

Alikuwa amejishika kifua. "Rudia."

Nikarudia. *Mama watoto. Mtoto ni mzima. Nimemjibu yamekwisha.*

"Alisema yamekwisha?"

"Ndiyo, shemeji."

Alikaa chini kwenye udongo. Akalia kwanza kwa namna iliyonipa moyo, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha kilio kikakatika, akanyanyua uso akalitazama lile daftari mkononi mwangu, limechakaa pembe kwa kufunguliwa.

"Juu ya hapo pameandikwa nini?" akauliza.

"Mambo mengine tu."

"Soma kuanzia juu. Soma yote."

Nilisoma yote. Nikasoma "anatania", nikasoma na "hajafungua". Kuku walikuwa wakichakura kwenye makapi ya mizigo, na kwa nje jirani alikuwa akitwanga.

"Ulikuwa nalo siku ya matanga?"

"Ndiyo."

"Ulipovaa kofia yake?"

"Ndiyo, shemeji. Nilikuwa nalo."

Nilitaka anitukane, anipige hata na mchi, na nilikuwa tayari. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akaninyang'anya daftari taratibu. "Nionyeshe mahali pangu," akasema. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliukunja ukurasa juu ya mstari ule, akaukunja tena chini yake, akalainisha mikunjo kwa ukucha, akauchana polepole kwa uangalifu mkubwa asiguse herufi hata moja. Ule ukanda mwembamba aliufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Kisha akanirudishia daftari.

"Mistari hii mingine ni yako," akasema. "Kaa nayo."

Ninalo mpaka leo. Ukurasa una pengo katikati. Juu ya pengo pameandikwa *Anatania*, na chini yake *Amekasirika. Amezima.*